Pumzi Niliyompa Bwana wa Mto

Mwalimu Sefu alizikwa Kabambare siku ya Jumanne, na mimi nilifika Jumatano mchana, matope hadi magotini, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara na kijana wa pikipiki aliyenitoa Kasongo alikataa kuvuka daraja moja mpaka maji yapungue. Walinipokea vizuri. Walinikalisha kwenye mkeka pamoja na wanawake, wakaniletea wali na maharagi, na binti yake mkubwa, ambaye sikuwahi kumwona, akaniuliza kwa adabu nilimjuaje baba yake. Nilimjibu kwamba tuliugua pamoja, zamani, Kasongo. Akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka jambo aliloambiwa mara moja tu, kisha akaenda kupokea wageni wengine. Mchana kutwa nilisikiliza watu wakimsifu: alifundisha Kifaransa maisha yake yote, hakuwahi kuchelewa darasani, alikuwa mkali, hakupenda mizaha. Nilikula huku nimeinamisha uso. Mtu huyo waliyemzika mimi nilimwona, kwa miezi mingi, akiwa mfalme kipofu, akiwa mwenye hoteli mwizi, akiwa joka lenye mafua, akigeuza sauti yake mbovu ya mgonjwa huku sisi tukicheka mpaka tunatema damu. Njiani kurudi niliamua kuandika juu ya mwaka ule, kwa kuwa katika sisi wanne tuliokaa kwenye meza moja sasa nimebaki mimi peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa shangazi yangu Hadija hapa Kasongo, na katika mwaka wa mwisho wa masomo nikaanza kukohoa. Posa iliyokuwa imeletwa ilirudishwa kimya kimya, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilielewa nilipoona kikombe changu kimewekwa peke yake juu ya dirisha. Hospitali ilinipa dawa za miezi minane na kitanda, kwa sababu nyumbani kwa shangazi kulikuwa na watoto wadogo. Jengo letu la wagonjwa wa kifua lilikuwa mwisho wa uwanja, mbali na majengo mengine, na watu waliokwenda kisimani walilizunguka kwa mbali. Lilikuwa na vyumba viwili, cha wanawake na cha wanaume, na katikati baraza yenye meza moja ya mbao iliyopinda. Kuta zilipakwa chokaa nusu, na ile nusu ya chini ilikuwa na alama za mikono ya watu waliojishika wakienda chooni. Asubuhi muuguzi, Papa Kalonda, alituletea vidonge na kusimama mbele yetu mpaka tumeze. Mkojo wetu ulikuwa mwekundu kwa dawa. Baada ya hapo siku ilikuwa imeisha, na bado ilikuwa saa mbili asubuhi. Nakumbuka kuhesabu mabati ya dari. Nakumbuka kusikia wauguzi wawili wakizungumza chini ya dirisha, mmoja akisema kwamba yule msichana wa kitanda cha tatu mapafu yake yameliwa sana, na mimi nikageuza kichwa kuangalia kitanda cha tatu kabla ya kukumbuka kwamba ni changu.

Mwalimu Sefu ndiye aliyeleta kitabu. Alikuwa mgonjwa kama sisi, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Zamani fundi mmoja wa magari, mgeni aliyefanya kazi na shirika fulani, alikaa jirani naye kule Kabambare, na alipoondoka alimwachia kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada, chenye picha za mapanga na wanyama wasiokuwepo. Kilikuwa kitabu cha kanuni za mchezo. Mwalimu alitueleza hivi: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema mtu wake anafanya nini, na kama jambo ni gumu, namba ndiyo inaamua. Kete zinazotakiwa, za pande ishirini, hatukuwa nazo. Mwalimu alichukua vifuniko ishirini vya chupa, akaviandika namba kwa rangi ya kucha ya mhudumu mmoja, akavitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Ukivuta kifuniko chenye namba kubwa, umefaulu. Karatasi zetu zilikuwa migongo ya fomu za joto zilizopitwa na wakati.

Tulikuwa watatu tuliokubali kucheza naye. Mama Vero alikuwa mkulima kutoka Wamaza, Mkristo, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi mwenye mabega ya mtu aliyekata miti. Binti yake aliolewa Kasongo na ndiye aliyempikia. Alichagua kuwa askari mwenye upanga na hakutaka maelezo zaidi. Amisi alikuwa na miaka ishirini na mbili, mchimbaji wa dhahabu kutoka Salamabila. Wenzake wa shimoni walimleta kwa pikipiki, wakamwachia gunia la unga na samaki wakavu, wakarudi. Yeye alichagua kuwa mfungua milango, mtu wa kupenya na kuiba funguo. Mimi nilitaka kuwa mtu wa uchawi. Mwalimu alinieleza kwamba wako wa namna mbili: yule aliyesoma vitabu miaka mingi, na yule ambaye hakusoma, ila amefanya ahadi na kiumbe chenye nguvu, na kiumbe kile kinampa moto. Mimi masomo yangu yalikuwa yamekatwa miezi mitano kabla ya mtihani wa serikali. Nikachagua wa ahadi.

Mwalimu alinishauri nimpe mtu wangu upanga, maana kanuni ziliruhusu, na mtu wa ahadi ana uchawi mkubwa mara mbili tu; akishautumia lazima aketi apumzike, na kwa wakati huo amebaki na cheche ndogo tu mkononi. Bila upanga angekufa mapema. Nilikataa. Sikuweza hata katika hadithi kumfikiria mtu wangu akikimbia na kupiga. Nilitaka asimame nyuma, mbali, ashike ukuta kama ninavyoushika, na atoe moto kwa neno. Uchawi tu, bila chuma chochote. Mara mbili kwa siku, kisha kukaa chini: jambo hilo nililijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kutoka kitandani mpaka kisimani nilikuwa na nguvu ya kwenda na ya kurudi, na haikuwepo ya tatu. Kisha Mwalimu akauliza swali lililoandikwa kitabuni: nani alinipa nguvu hiyo, na mimi nilimpa nini. Nilimwogopa Mungu, sikutaka kutaja shetani, basi nikasema ni Bwana wa Mto, anayekaa chini ya maji ya Luama. Na nilimpa nini? Nikasema, pumzi yangu, maana hata hivyo ilikuwa imebaki kidogo. Walicheka wote, Amisi akakohoa mpaka akashika meza, na Mwalimu akaandika: pumzi.

Tukawa tunacheza kila siku baada ya dawa, mpaka jua lilipofika barazani na kutufukuza. Sitaki kudanganya kwamba tulikuwa na furaha. Katika mwezi wa pili watu wanne walitolewa chumba cha wanaume wakiwa wamefunikwa, na mara mbili tuliinua meza ili machela ipite, tukairudisha. Lakini kwa saa zile tatu nilijua jambo la kufanya kesho yake. Mwalimu alifasiri kila uchawi kwa Kiswahili, mimi nikautungia maneno. Uchawi wangu mkubwa nilikuwa nauita kwa kusema: Bwana wa mto, nilikupa pumzi yangu, nipe moto. Niliusema polepole, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na Mama Vero alifumba macho kila nikiusema, kisha anafungua na kuuliza nani amekufa. Mwalimu alikuwa amekataza neno mulozi. Alisema katika jengo lile ambapo kila familia inatafuta nani amemloga mgonjwa wao, neno hilo halichezewi. Tuseme mwenye ahadi. Mama Vero alisahau kila siku. Kwake mimi nilikuwa mulozi wetu, na alilitamka kwa upendo kama mtu anayemwita mjukuu.

Shangazi Hadija aliniletea chakula kila siku saa sita: wali, sombe ya majani ya muhogo, wakati mwingine kipande cha kuku wakati mume wake amesafiri. Alikuwa mwanamke wa sala, mkavu wa maneno, anayependa kwa kupika. Siku moja alikuja mapema, kabla ya jua kufika barazani, akapita upande wa nyuma kukwepa matope, na akasimama penye kona ya ukuta kuweka kitambaa chake sawa. Sisi tulikuwa ndani ya pango la majoka. Alimsikia Mama Vero akisema, kwa ile sauti yake ya shambani: "Mulozi wetu, muite yule bwana yako." Na akanisikia mimi, mtoto wa kaka yake, mgonjwa wa kifua, nikijibu kwa sauti ya heshima kwamba Bwana wa mto nilimpa pumzi yangu. Tulisikia sufuria ikiwekwa chini. Nilipofika kwenye kona alikuwa ameshavuka uwanja, akitembea haraka bila kugeuka. Sufuria ilikuwa imefunikwa vizuri, na kijiko kimewekwa juu ya kifuniko.

Siku iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Siku ya tatu alikuja mikono mitupu, akasimama uwanjani, hakupanda barazani. Nilimweleza kila kitu, nikamletea kitabu, nikamwonyesha vifuniko vya chupa. Mwalimu alisimama mbele yake kwa adabu na kumwambia kwamba ni mchezo wa vijana wa Ulaya, kama hadithi za sungura. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mimi tu, kwa sauti ya chini, kwamba tangu nianze kuugua alikuwa anaswali akimwuliza Mungu nani amechukua pumzi yangu, na sasa nimemjibu mwenyewe. Alitaka mambo mawili. Nichome karatasi zangu mbele yake, na niape juu ya msahafu kwamba maneno yale hayatatoka tena mdomoni mwangu. Nikifanya hivyo, chakula kitarudi siku ileile.

Nimekaa karibu miaka ishirini na jibu nililompa. Ilikuwa rahisi kukubali. Mwalimu mwenyewe alinisihi, akasema anaweza kunipa mpiga mishale, hakuna kitakachopotea. Lakini wengine walikuwa wameshaamua yote juu yangu: masomo yangu, posa yangu, kikombe changu, hata namba ya kitanda changu. Mtu yule wa karatasi ndiye kitu pekee ambacho nilikuwa nimekichagua mwenyewe. Nilimwambia shangazi kwamba sikufanya kosa na sitaapa. Aliniangalia, machozi yakimtoka bila kuyafuta, akasema, "Basi huyo bwana yako njo akulishe," akaenda.

Hospitali haikuwa na jiko la wagonjwa. Asiye na ndugu alikula alichopewa na jirani. Wale wasiozijua dawa hizo hawajui zinavyofanya katika tumbo tupu: saa moja baada ya kumeza, mate yanajaa, magoti yanalegea, na unatapika kitu cha rangi ya machungwa, kisha Papa Kalonda anakuja kuuliza kama kidonge kimetoka nacho. Amisi alianza kunigawia bugali bila kuniuliza. Alipika mwenyewe nyuma ya jengo, kwenye mawe matatu, akakata kwa kijiko mstari katikati ya sahani na kunipa upande wenye samaki. Niliona gunia lake la unga likipungua na sikusema kitu. Mama Vero naye alitoa alichoweza, ila binti yake alikuwa ameanza kulalamika. Hivyo tulikula wawili chakula cha mtu mmoja kwa majuma matano, na mchezo uliendelea, na mimi niliendelea kumwita Bwana wa Mto, sasa kwa sauti ya chini zaidi.

Asubuhi moja tukiwa tunaosha vyombo Amisi aliniambia kwamba anaondoka. Alikuwa amemaliza miezi mitatu, hakohoi tena, mwili umeanza kurudi. Mwenzake mmoja alikuwa amepita na kumwambia shimo lao limefika mahali pazuri. Nilimkumbusha kwamba Papa Kalonda alisema ukikatiza dawa, ugonjwa unarudi na safari hii hausikii dawa. Alisema atachimba mwezi mmoja tu, atarudi na unga na mafuta ya kututosha sote wawili, atamaliza dawa zake. "Gunia imeisha, Mariamu," alisema. "Nitakaa hapa nikuangalie unatapika?" Aliniomba nisimwambie mtu, kwa kuwa wangemzuia. Nilisugua sufuria. Nilijua kabisa ni kosa. Nilijua pia kwamba ningeweza kumzuia kwa njia nyingine, yaani kwenda kwa shangazi siku ileile, kuapa, na kurudi na sahani mbili za wali. Njia ile nilikuwa naiona kama ninavyoiona meza hii. Nikamwambia, sawa, sitasema.

Aliondoka wakati wengine wanapanga foleni ya dawa. Papa Kalonda aliita jina lake mara tatu. Alipotuuliza, Mwalimu alisafisha miwani yake, Mama Vero akatazama mikono yake, na mimi nikasema kwamba sijui. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari muuguzi na nimetumwa Kabambare kwa kazi, nilimtembelea Mwalimu na nikakiri kwake jambo hilo. Akaniambia kwamba Amisi alimwambia hata yeye, siku ileile, na alimwomba asiseme. Na Mama Vero pia alijua; alimweleza Mwalimu kabla hajafa. Alituambia sote watatu, mmoja mmoja. Sijui kama alitaka msaada wa kuondoka au alikuwa anatafuta mmoja wetu atakayesema hapana. Kila mmoja wetu alidhani amebeba siri peke yake, na kila mmoja akainyamazia kwa uaminifu.

Mwezi uliisha, na wa pili. Barabara ya Salamabila ilisikika kuwa mbaya, kisha ikasikika kuna watu wenye silaha, kisha haikusikika kitu. Mimi nilijifunza kuishi kwa kufua nguo za wagonjwa waliokuwa na ndugu, nao wakanipa mabaki. Tuliendelea kucheza, lakini mfungua milango wa Amisi hakuna aliyetaka kumshika. Mwalimu alisema amebaki nyuma akilinda njia. Mimi nilicheza vibaya. Nilitumia uchawi wangu mkubwa mara zote mbili mwanzoni kabisa, kwa adui wa bure, kisha nikakaa nimekunja mikono na cheche yangu, na Mama Vero alipigana peke yake.

Amisi alirudishwa katika mwezi wangu wa nane, siku chache kabla ya kumaliza dawa. Walimleta kwenye pikipiki, amefungwa kwa kitambaa mgongoni mwa dereva, mwingine nyuma yake akimshikilia, kama mzigo wa mkaa. Nilimtambua kwa masikio. Papa Kalonda alimpima, akamwanzishia sindano, na jioni alituita tukae chini. Alisema dawa nyingine yenye nguvu zaidi ingetoka mbali sana na isingefika mapema. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba mtu huyu ale anachoweza kula. Amisi hakutaka bugali. Nilipomuuliza anataka nini alisema wali laini na mchuzi wa kuku, kisha akafunga macho kama mtu aliyeona aibu kwa kuomba kitu kikubwa.

Kesho yake nilichukua karatasi zangu zote, nikatembea mpaka kwa shangazi Hadija, nikipumzika mara tatu njiani. Alikuwa jikoni nje, anachambua mchele. Miezi sita hatukusemezana. Nilipiga magoti, nikaweka karatasi ndani ya moto moja moja, na alitazama kila moja ikijikunja mpaka ya mwisho. Kisha akaosha mikono, akaingia ndani, akaleta msahafu umefungwa katika kitambaa cheupe. Nikanawa, nikaapa kama alivyotaka, kwamba maneno yale hayatatoka tena mdomoni mwangu. Alilia kwa furaha na kunishika kichwa. Ndipo nikamwomba wali laini na mchuzi wa kuku, kwa ajili ya mgonjwa anayeitwa Amisi.

"Huyu Amisi ni nani kwako?" aliuliza.

"Ni mutu alinipa chakula wakati wewe uliacha," nikasema.

Aliweka ungo chini. Halafu akaenda nyuma ya nyumba na nikasikia kuku akipiga kelele.

Chakula alikileta mwenyewe. Kwa mara ya kwanza aliingia ndani ya chumba cha wanaume, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Amisi, akamlisha kwa kijiko. Amisi alimeza vijiko vinne, akashukuru, akamwita Mama. Mwalimu na Mama Vero walikuwa wamekuja, kila mmoja na kiti chake. Basi Amisi akageuza macho kwangu na kuuliza kama katika mchezo bado tuko kwenye mnara alikotuacha. Mwalimu akamjibu kwamba tuko mbele ya mlango wa mwisho na tulikuwa tunamsubiri. Amisi alitaka tucheze. Mwalimu alinitazama, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza juu ya kiapo. Kisha kwa sauti yake ya zamani akaanza kueleza mlango: wa chuma, mrefu kuliko mti, baridi. Mama Vero aliupiga kwa upanga na akavuta namba ndogo. Amisi akatia mkono ndani ya mkebe, vidole vikatafuta kwa muda mrefu, akatoa kifuniko. Mbili. Kufuli halikufunguka. Akapumua kidogo, akasema, "Mariamu, sema ile maneno."

Shangazi alikuwa bado amekaa pale na sahani mapajani. Nilimwangalia. Sikumwomba ruhusa na yeye hakunipa. Alisimama, akasema kwamba anaenda kuosha sahani, akatoka. Ilikuwa sahani moja na kijiko kimoja. Kisima kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kupitia mlango nilimwona ameinama pale akisugua, akimwaga maji, akisugua tena, mgongo wake umetugeukia. Nikasema maneno. Niliyasema yote, kwa sauti yote, na wakati ule nilikuwa na sauti, kwa kuwa nilikuwa karibu kupona. Bwana wa mto, nilikupa pumzi yangu, nipe moto. Nilivuta kumi na saba. Mwalimu alisema mlango umeyeyuka kama mafuta ya mawese, na nyuma yake kuna mwanga. Amisi alisema mtu wake anaingia wa kwanza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Hatukucheza zaidi. Shangazi aliporudi aliuliza kama tumemaliza, nikamjibu tumemaliza, akaivuta shuka mpaka miguuni kwa Amisi kwa sababu ilikuwa imefunuka.

Alikufa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, na siku iliyofuata akazikwa upande wa Waislamu, na mume wa shangazi ndiye aliyetoa sanda. Nilikaa na hesabu yangu. Nilikuwa nimekataa kuapa wakati kiapo kingemsaidia, na nikaapa wakati hakikumsaidia kitu, na kiapo chenyewe nikakivunja kabla siku haijaisha. Sikujua nimwambie nani. Sikuthubutu kumwuliza shangazi.

Jumatatu nilikuwa nafungasha nguo zangu, nimepewa ruhusa ya kurudi nyumbani, wakati shangazi alipofika na sufuria kubwa ya harusi, ameibeba yeye na mwanamke wa jirani. Hakunisalimia kwanza. Aliweka sufuria juu ya ile meza ya barazani, akatoa sahani kutoka ndani ya kapu, akaanza kupakua wali na nyama. Alinipa ya kwanza, akaniambia nimpelekee mgonjwa wa kitanda cha karibu na mlango. Kisha ya pili. Mimi nilidhani ni sadaka ya kupona kwangu, mpaka nilipomsikia akihesabu kwa midomo. Katika dini yetu mtu aliyevunja kiapo hulisha masikini kumi. Aliniona nimesimama na sahani ya tano mkononi, nimeelewa, nalia, akaniambia nipeleke, itapoa.

Wagonjwa tuliowajua walikuwa tisa, tukiwahesabu Mwalimu na Mama Vero, aliyepokea sahani yake kwa mikono miwili. Shangazi aliangalia sahani iliyobaki, akaangalia uwanja mzima. Kisha akaichukua mwenyewe, akaingia chumba cha wanaume. Katika kitanda cha Amisi walikuwa wamemlaza asubuhi ile mzee mmoja ambaye hakuna aliyemjua jina, aliyeokotwa njiani, anayekohoa mdomo wazi. Shangazi yangu, aliyetenga kikombe changu juu ya dirisha, alikaa kando yake, akapitisha mkono chini ya shingo yake, akamwinua kichwa, akampa kijiko cha kwanza. Mzee alimeza.

"Kumi," alisema shangazi, na akachota kijiko cha pili.